Kidole cha Mama Mkwe

Jamani, mmenisumbua wiki nzima. Kila ninapopita swali ni hilo hilo: alifika au hakufika? Haya, alifika. Alifika akihema, ndala moja mguuni, nyingine sijui imebaki wapi, na mkononi bado kashika kuku aliyenyonyolewa upande mmoja.

Na wewe uliyefungia misumari gazeti la juma lililopita kabla hujalisoma, sina kinyongo, nakupa kwa ufupi. Manyoya ndiye yule mwanamke anayenyonyoa kuku sokoni. Asubuhi ile bibi mkunga mstaafu, mteja wake wa siku nyingi, alimwangukia kwa kilio kibandani. Mjukuu wa bibi alisoma kozi ya bure ya kutunza wazee. Siku ya mwisho kila mwanafunzi akaambiwa aje na mzee wake kutoka nyumbani, wamfanyie mazoezi. Bibi akaenda. Akaoshwa miguu, akapewa pipi, akawekewa kidole kwenye kimashine eti apimwe mapigo ya moyo. Hazikupita siku nyingi wakaja watu kumwambia amedhamini mkopo wa ada, na rehani ni nyumba yake.

Sasa asubuhi hiyo hiyo, wifi yake Manyoya alikuwa amemtoa mama yake nyumbani kavaa nguo ya kutokea, wanakwenda kwenye siku ya mwisho ya kozi hiyo hiyo! Mama huyo ndiye mama mkwe wa Manyoya. Nyumba wanayoishi wote ni yake: vyumba vitatu na kibaraza, alivyoachiwa na marehemu mumewe. Ikienda nyumba hiyo, Manyoya na wanawe wanalala barabarani.

Basi Manyoya akausukuma mlango wa ukumbi kwa bega.

Harufu ndiyo iliyompokea. Sabuni ya maua, jasho, na manukato ya mwanamume mmoja aliyejimwagia chupa nzima. Ukumbi ulikuwa juu ya duka la magodoro. Wazee wameketi safu mbili kwenye viti vya plastiki, suruali na magauni yamekunjwa mpaka magotini, miguu kwenye mabeseni, kila mmoja ananyonya pipi. Mbele ya kila mzee kapiga magoti kijana wake, kavaa aproni ya buluu, anasugua visigino.

Katikati yao alitembea mkufunzi. Koti jeupe, viatu vyenye ncha, pipi anaihamisha shavu hili kwenda shavu lile.

"Wapenzi wangu wazee!" akaimba. "Wangapi tumeshapima moyo?"

"Tisa!"

"Makofi ya heshima!"

Pa! Pa! Pa! Vikongwe wakajipigia makofi, masikini, huku nyumba zao zinakwenda.

Manyoya anatoa matumbo ya kuku kutwa nzima. Anashika vitu ambavyo mimi na wewe tukiviona chakula hakipiti. Kinyaa hakimjii ovyo. Lakini pale mlangoni, akiangalia magoti ya wazee yamewekwa wazi na yule bwana anawaita wapenzi, kilimjia.

Mama mkwe alikuwa safu ya mbele, kiti cha kwanza. Wifi kapiga magoti, kashika kimashine cha ukubwa wa kiganja, na kidole gumba cha mama yake kakibandika juu ya kioo chake.

Tii-tii! Taa nyekundu.

"Mwalimu, kimekataa tena," wifi akalalamika.

"Tumefundishana nini, binti? Tii moja?"

"Makofi."

"Tii mbili?"

"Rudia."

"Basi rudia. Kidole cha shahada."

Tii-tii.

"Cha kati."

Tii-tii.

Jasho likaanza kumtoka mama mkwe. "Mwalimu, mbona wenzangu wote wamepata tii moja? Ina maana mimi mapigo sina?"

"Unayo, mpenzi. Yamejificha."

"Yamejificha wapi? Mimi nilikuja hapa mzima!"

Ukweli ni kwamba mama yule alifua nguo za watu tangu usichana, kwa mikono yake, na vidole vyake vilikuwa vimesuguliwa mpaka alama zikaisha. Kimashine hakikuona kitu cha kusoma. Lakini nani atamwambia hivyo? Yeye alijua moyo wake umesimama.

"Mama anakufa!" wifi akaangua kilio.

"Nyamaza wewe! Nife na pipi mdomoni?"

"Mama, toa kidole!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Manyoya. Vichwa vyote vikageuka. Wakamwona mwanamke na ndala moja, manyoya mpaka kwenye nyusi, kuku ananing'inia kichwa chini.

Mama mkwe akasahau kufa. "Ala! Ndiyo adabu gani hiyo? Unaniingilia mbele za watu na mzoga mkononi, hata salamu hakuna?"

Hapa, wasomaji wangu, ndipo lilipofanyika kosa. Ninyi mlioolewa mtanielewa. Nyumba inaungua, ndiyo, lakini mama mkwe kadai salamu mbele ya watu. Utamshika mkono kwa vidole vya damu na manyoya? Hata kama mimi ningekuwa pale nikampigia kelele asijisafishe, asingenisikia. Manyoya akamweka kuku sakafuni. Akachukua jagi la maji safi lililokuwa kando ya beseni, akanawa kwa ile sabuni ya maua, kidole kimoja kimoja, akajifuta kwa taulo jeupe la kozi. Mikono ikatakata. Akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, sema kilichokuleta."

"Hicho kimashine hakipimi moyo, mama. Kinakopa."

Vijana wa aproni wakacheka. Mkufunzi akacheka kuwazidi, akaja mpaka karibu, pipi inagonga meno.

"Karibu sana, dada. Wewe ni nani yake mama?"

"Mkewe mwanawe."

"Safi kabisa. Sasa dada, mafunzo yetu ni bure. Jamani, kuna aliyenilipa hata senti moja hapa?"

"Hakunaaa!"

"Makofi!"

Pa! Pa! Pa!

Manyoya akasubiri makofi yaishe. "Kama ni bure, kidole cha mama unakitakia nini?"

"Kupima mapigo, dada. Ni sehemu ya mtihani."

"Vizuri. Weka chako na sisi tuone."

Pipi ikasimama shavuni.

"Mimi? Mimi sina tatizo la moyo."

"Kwani hawa walikuambia wanalo?"

Mzee mmoja wa safu ya nyuma, fundi saa, aliyeletwa na bintiye, akakohoa. "Weka, mwalimu. Sisi tumeweka vyetu bila maneno. Wewe unaogopa nini?"

"Siogopi, mzee wangu. Utaratibu tu. Kifaa hiki ni cha wateja."

"Wateja?" Fundi saa akatoa mguu kwenye beseni. "Si ulituambia sisi ni wa kufanyiwa mazoezi?"

Wazee wakaanza kutazama vidole vyao, kimoja kimoja.

Mkufunzi akajifuta uso kwa mkono wa koti jeupe, ukabaki na alama ya hudhurungi, maana kumbe bwana huyu hujipaka rangi usoni! Kisha akabadilisha sauti.

"Wazee wangu, msitishike. Kuna mkopo mdogo tu wa ada. Ada analipa mkopeshaji, mwanafunzi anasoma bila kutoa kitu. Akipata kazi anarudisha taratibu. Sasa hiyo si bure?"

"Na asipopata kazi?" fundi saa akauliza.

"Mungu atafungua njia."

Mungu! Kamtaja Mungu! Mtu anabandika nyumba za wajane kwenye kimashine cha ukubwa wa kiganja, halafu jina la Mungu linamtoka mdomoni pamoja na harufu ya pipi ya nanasi. Nimeandika mambo mengi machafu katika ukurasa huu, lakini hapo kalamu yangu iligoma, nikaenda nje kutema mate.

Wazee wakaanza kunung'unika. Wawili wakasimama, maji yakamwagika. Bintiye fundi saa akavua aproni, akaitupa.

Mngedhani yameisha. Hayakuisha, kwa sababu wifi alikuwa hajasimama. Bado kapiga magoti pale pale, kashika mkono wa mama yake, macho mekundu.

"Wifi," Manyoya akamwambia polepole, "umesikia mwenyewe. Inuka twende nyumbani."

"Siendi."

"Wifi..."

"Nimesema siendi! Wewe una wivu. Umeona nitavaa sare, nitakwenda kazini kwa gari, inakuuma. Unataka nibaki kwenye kibanda chako nakuchambulia filigisi mpaka nizeeke!"

"Hiyo nyumba ya mama..."

"Nitalipa! Kazi ninayo tayari, mwalimu kanihakikishia. Si kweli, mwalimu?"

"Kweli kabisa, binti. Wewe ndiye mwanafunzi wangu bora." Na kila mwanafunzi alikuwa ameshaambiwa hivyo, lakini wifi angejuaje?

"Mama, tujaribu kidole kimoja tena," wifi akasema. "Gumba cha kushoto. Nipe."

Mama mkwe akamtazama binti yake, akamtazama mkewe mwanawe. Akasita. Kisha, kwa kuwa mtoto wa tumboni ni mtoto wa tumboni, akanyoosha gumba.

Manyoya akaruka. Alikitia kimashine mkono kwa juu, akakivuta, wifi naye akavuta. Wakazungushana mpaka beseni likapinduka. Na katika kuvutana huko, gumba la Manyoya, lililonawishwa, likakaushwa, likatakaswa kwa ajili ya salamu ya mama mkwe, likatua katikati ya kioo.

Tii!

Moja. Taa ya kijani.

Na kwa mazoea tu, nusu ya ukumbi ikapiga makofi.

Wifi akakinyakua kimashine. Kwenye kioo hicho hicho likatokea jina kamili la Manyoya, lile la kwenye kitambulisho ambalo hata sokoni hawalijui. Chini yake maneno mawili, kila moja kwenye kisanduku chake: KUBALI, ambayo ikibonyezwa hulia tii moja, na FUTA, ambayo hulia mbili.

Mkufunzi akachungulia begani kwa wifi. "Huyu ndiye nani? Aa, dada wa kuku. Dada, una nyumba?"

"Sina."

"Kiwanja? Shamba?"

"Nina kuku huyu hapa, tena nusu."

Wazee wakacheka, hata waliokuwa wanatafuta viatu vyao. Mkufunzi akakunja pua.

"Asinipotezee muda. Binti, bonyeza Futa, turudi kwa mama. Mnyonyoa kuku hata choo hana, nitamkopesha juu ya nini?"

Basi! Tusi lile ndilo lililokuwa wokovu wa Manyoya. Wifi akainua kidole abonyeze Futa. Kidole kiko njiani kabisa. Sekunde moja zaidi, na leo ningekuwa nawaaga.

Lakini mama mkwe hajui kusoma. Yeye aliona taa ya kijani, akasikia tii moja, akasikia makofi. Kwake yeye kidole cha Manyoya kilikuwa kimeshaliwa. Akasimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Toba yarabi! Mrudishieni kidole chake! Nyumba nimemwandikia yeye!"

Kidole cha wifi kikaganda hewani.

"Mama umesema nini?" wifi akanong'ona.

Mama mkwe akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Na kwa vile lilishatoka, akamalizia lote, kwa sauti ya chini, akiangalia sakafu iliyolowa.

"Nilimwandikia yeye. Nilipougua ule ugonjwa, nikaenda kwa mwanasheria kimya kimya, hati ikawekwa jina lake. Kaka yako angeiweka rehani kwa kamari ya mechi moja ya mpira, tunamjua. Na wewe... wewe mwanangu kila anayekuja na maneno matamu unamfungulia mlango. Huyu nilimwona. Nilipolala kitandani, alininawisha na mikono yake ya kuku, na hakumwambia mtu."

Manyoya alisimama kama hakusikia. Miaka yote ndani ya nyumba ile hakuwahi kuambiwa ahsante, hata ya maji ya kunywa. Chumvi ikizidi, ni yeye. Mlango ukilia, ni yeye. Leo ndiyo anaambiwa nyumba ni yake, na anaambiwa hapa, mbele ya huyu mtu mchafu, gumba lake likiwa ndani ya kimashine.

Maana mkufunzi naye alikuwa na masikio. Alimeza pipi nzima nzima. Macho yakamng'aa, tabasamu likarudi, na niamini, afadhali angekunja pua.

"Binti," akasema taratibu. "Usifute."

"Wifi, futa!" Manyoya akasogea.

"Usinisogelee!" Wifi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, kimashine kakishika kwa mikono miwili, gumba liko juu ya vile visanduku. "Ukinigusa nabonyeza, sijui nitabonyeza ipi!"

Manyoya akasimama. Mkufunzi akajipenyeza katikati yao, mgongo kwa Manyoya, mdomo karibu na sikio la wifi. Alinong'ona, lakini ukumbi wote ulisikia.

"Nyumba ya baba yako hiyo. Wewe mtoto wa kuzaliwa umebaki na nini? Na aproni hii. Angalia, deni si lako tena, ni lake yeye. Cheti ni chako. Bonyeza Kubali, nakipiga muhuri sasa hivi, na kazi unaanza. Wewe unapoteza nini hapo?"

Huyo ndiye mwalimu. Huyo ndiye aliyewafundisha watoto wa watu kuosha miguu ya wazee kwa upole. Mimi simtakii mtu mabaya, ila huyu namtakia.

"Mwacheni mtoto wangu," mama mkwe akalia. "Mwanangu, njoo kwangu."

"Usiniite mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka wifi mpaka kidevuni. "Leo nimepiga magoti nikakuosha miguu. Mara ya kwanza toka nizaliwe, mama. Nilijisikia vizuri, wallahi nilijisikia vizuri. Kumbe wewe ulishanifuta zamani."

"Sikukufuta..."

"Wifi." Akamgeukia Manyoya. "Niambie ukweli. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu, wifi, nimesikia sasa hivi, pamoja na wewe."

Mimi najua alisema kweli. Fundi saa alijua, hata kuku alijua. Lakini wifi na wifi, nani kati yao aliwahi kumwamini mwenzake siku ya kwanza?

"Sasa sikiliza," Manyoya akaendelea. "Mimi nyumba sikuiomba. Tukitoka hapa twende kwa huyo mwanasheria, aandike jina lako kando ya langu. Lakini ukibonyeza hiyo ya kwanza hatutakuwa na kitu cha kuandika. Utalala wapi, wifi? Mama atalala wapi?"

"Maneno tu hayo," mkufunzi akasema. "Muulize kama ana shahidi."

"Shahidi mimi," fundi saa akasema kutoka nyuma, miguu mitupu, viatu mkononi.

Wifi akamwangalia mkufunzi. Akaangalia ile alama ya rangi kwenye mkono wa koti lake. Akamwangalia Manyoya, na manyoya yake kwenye nyusi. Mwisho akamwangalia mama yake, aliyesimama kwenye maji ya miguu kasahau hata kuvaa viatu, kamshika Manyoya kiganjani.

Mama hakupaswa kuushika mkono ule. Laiti angeuachia, hata kidogo tu! Lakini alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hushika aliye karibu.

Wifi akauona mkono ule. Midomo ikamkaza. Akafumba macho, gumba likashuka.

Tii!

Hakuna aliyepiga makofi. Ukumbi mzima ulikitazama kimashine, wazee kwa vijana, wakisubiri kama kitalia mara ya pili.